Sebule kama duka la fenicha, jikoni hakupikiki: vikorokoro katika The Sims 4

Swali: Kaka, nimejenga nyumba kwenye The Sims 4, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga nyumba na kuongoza maisha ya wakazi wake, nikitaka ifanane na ya bibi yangu kule Tanga. Kuta, madirisha na paa vimekubali. Tatizo ni ndani: panaonekana kama duka la fenicha, kila kitu kipya, kama hajawahi kukaa mtu. Nikaamua kujaza vikorokoro, ikawa stoo. Sasa Sim wangu, yaani mkazi wa humo, nikimwambia apike anasimama katikati ya jiko anapunga mikono. Nachezea laptopu ya kawaida na sijanunua pakiti ya nyongeza hata moja. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, tuanze jikoni, maana njaa haisubiri mapambo.

Kila kaunta, meza na rafu katika mchezo huu ina vituo visivyoonekana. Pitisha kikombe juu ya meza utaona kinaruka chenyewe kutoka sehemu moja hadi nyingine. Pale kinapong'ang'ania ndipo penye kituo. Vituo hivyo havikuwekwa kwa ajili ya mapambo peke yake. Sim akitaka kukatakata mboga hutafuta kaunta yenye kituo kilicho wazi, na akishapika hutafuta tena mahali pa kutua chakula. Wewe umeweka birika hapa, kopo la miiko pale, bakuli la matunda kule, mpaka kaunta zote zikaliwa. Kwa macho yako nafasi bado ipo tele. Kwa hesabu za mchezo haipo, ndiyo maana anakulalamikia.

Dawa ya haraka ni kuondoa kila kitu kwenye kaunta mbili zilizo karibu na jiko la kupikia, uziache tupu kabisa, kisha umwambie apike tena. Akipika, umeshajua ugonjwa. Fanya hivyohivyo kwenye meza ya chakula: mbele ya kila kiti pana kituo cha sahani, na ukiweka chombo cha maua mbele ya kila kiti wageni watakula wamesimama au wataibeba sahani hadi chumbani. Dawati la mwanafunzi nalo lina yake.

Dawa ya kudumu ni kuweka vikorokoro bila kugusa vituo. Hapo ndipo chiti, yaani amri maalumu ya kuandika ndani ya mchezo, ya bb.moveobjects inapoingia, na wala usione aibu kuitumia. Wajenzi karibu wote unaowaona wakisifiwa wanaitumia. Bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, kisanduku kitafunguka juu ya skrini, andika bb.moveobjects on kisha Enter. Kuanzia hapo mchezo hautakuzuia kuweka kitu juu ya kitu wala kukipenyeza ukutani. Ukishika kitu na kubana Ctrl na 9 kinapanda juu kidogo kidogo. Ctrl na 0 kinashuka. Ukishikilia Alt wakati wa kukisogeza, kinaacha kufuata gridi na kwenda utakako. Mabano ya mraba kwenye kibodi, ukiyabana pamoja na Shift, hukuza na kupunguza umbo la kitu.

Watu wengi hukwama hapa: wanashika kikombe, wanakipeleka mezani, kinanasa kwenye kituo kilekile walichokuwa wanakikimbia. Usipeleke kikombe mezani. Kiweke kwenye sakafu tupu pembeni, kipandishe kwa 9 mpaka kifike kimo cha meza, kisha ishike meza yenyewe uisogeze iingie chini ya kikombe. Kikombe kitaonekana kimekaa juu ya meza, lakini mchezo unakihesabu kuwa kinaelea hewani na kituo kimebaki wazi. Ubaya wake mmoja: ukiihamisha meza baadaye, kikombe kitabaki kikining'inia palepale. Kwa hiyo panga fenicha kubwa kwanza, uhakikishe hutaigusa tena, ndipo uanze mambo haya. Na usitegemee muujiza: Sim akitua sahani kwenye kituo ulichokifunika kwa kikombe kinachoelea, sahani na kikombe vitapenyezana. Weka vitu vya namna hii kwenye kona za meza, au nyuma kabisa ya kaunta karibu na ukuta, ambako sahani haifiki.

Jikoni basi. Twende sebuleni, ambako ndiko swali lako lilikoanzia.

Nimeona nyumba nyingi za wachezaji zenye tatizo kama lako, na karibu zote zimekosewa kwa namna moja. Mtu anatazama nyumba kutoka juu, kama ndege, anaona pengo, anatafuta kitu cha kuziba pengo. Pengo jingine, kitu kingine. Mwisho kila meza ina kitu kimoja katikati, kila ukuta una picha moja katikati, na kila kona ina mmea. Hiyo ndiyo sura ya duka la fenicha. Akiongeza zaidi ndipo inakuwa stoo, kwa sababu vitu vimetawanyika sawasawa kila mahali, hakuna mahali palipotulia.

Kikorokoro kinakaa pale mkono ulipokiacha. Kabla ya kuweka kitu chochote jiulize maswali mawili tu: nani alikishika mara ya mwisho, na kwa nini hakukirudisha mahali pake? Ukikosa jibu, usikiweke. Ukiwa na jibu, kitu chenyewe kitakuambia kikae wapi na kielekee upande gani. Miwani ya bibi haikai katikati ya meza. Iko kwenye ukingo wa upande wake wa kochi, imegeukia alipokuwa amekaa, na karibu yake kuna kitu alichokuwa anakisoma. Dawa zake ziko palepale, na glasi ya maji. Upande wa pili wa meza hiyohiyo hakuna kitu, maana hakuna anayekaa upande ule isipokuwa mgeni. Umeona? Vitu vinne kwenye robo ya meza, robo tatu tupu, na tayari kuna mtu anaishi.

Kwa nyumba unayoijenga una bahati, kwa sababu nyumba za bibi zetu wa pwani zina utaratibu wake wa vikorokoro, na ukiufuata utapata sura bila kuhangaika. Kuna vitu vya kuonyesha na kuna vitu vya kutumia, na havichanganyiki. Kabati la vyombo lenye vioo ni la kuonyesha: seti ya vikombe ya mgeni, sahani zilizosimamishwa, chupa ya chai ambayo haijawahi kuona chai. Humo panga kwa usawa, kwa ulinganifu, hata kwa ukali. Usiogope kuwa panaonekana pamepangwa mno. Bibi amepanga mno. Vurugu iweke kwingine: juu ya kabati hilohilo, ambako maboksi, mkeka uliokunjwa na sanduku la zamani hupandishwa kwa sababu hakuna pengine pa kuviweka. Tofauti ya ndani ya kabati na juu ya kabati itafanya kazi kubwa kuliko vitu hamsini vilivyomwagwa chumba kizima.

Ukutani nako kuna desturi. Picha za familia haziko kwenye kimo cha macho kama kwenye majumba ya maonyesho. Ziko juu, karibu na dari, zimeinama kidogo. Saa iko peke yake. Kalenda ya dukani iko karibu na mlango wa jikoni, siyo sebuleni kwenyewe. Katika The Sims 4 picha ya ukutani husogea juu na chini kwa kipanya bila chiti, kwa hiyo hilo ni jambo dogo. La kuvutia zaidi ni picha zenyewe. Mchezo wa msingi una ubao wa kuchorea, na Sim akishapata ujuzi wa kutosha unaweza kumwambia achore kwa kufuata kielelezo: unachagua sehemu ya skrini, naye anaichora. Wapange wakazi wa nyumba mbele ya ukuta mweupe, mchore bibi akiwa kijana, mchore na babu, kisha zitundike. Zitakuwa picha za watu wa nyumba ile kweli, siyo mandhari ya milima ya katalogi.

Mbuzi ya kukunia nazi, kinu, kifumbu na kawa hutavipata kwenye katalogi ya mchezo uliotengenezwa California. Usivitafute. Tafuta umbo na rangi. Kamera ya mchezo iko mbali, na jicho la mchezaji hukamilisha lenyewe. Stuli ya mbao iliyopunguzwa mpaka ifike kimo cha goti, ikiwa chini karibu na bakuli, kwa mtu wa pwani tayari ni mbuzi. Chungu cha mmea kilichopunguzwa na kufichwa nusu nyuma ya kaunta ni mtungi. Chochote cha kusuka kinafaa kuwa kawa kikikaa juu ya sahani. Hapa ndipo mabano ya mraba yanapolipa: sanamu kubwa ya bustani ukiipunguza inakuwa pambo la kabati, kisha unaipandisha kwa 9. Punguza kwanza, pandisha baadaye, kwa sababu ukibadilisha umbo kitu kikiwa tayari hewani utalazimika kukipima upya.

Hujanunua pakiti, sawa, na mchezo wenyewe ni bure tangu Oktoba 2022. Lakini kuna ghala ambalo huenda hujalifungua. Katika kisanduku kilekile cha chiti andika bb.showhiddenobjects, Enter, kisha bb.showliveeditobjects, Enter. Zikigoma, tangulia na testingcheats true. Halafu nenda kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya uwanja wa kujenga uandike debug. Utafunguliwa mamia ya vitu ambavyo watengenezaji walivitumia kupamba mitaa na ambavyo kwa kawaida mchezaji havioni: makreti, mapipa, vyakula, mimea, takataka, vibanda, hata miti na magari. Vingi bei yake ni sifuri. Picha zake kwenye orodha zinachanganya, kwa sababu nyingine ni sanduku tupu la kijivu, na vingine vinatokea vikubwa kama nyumba. Chukua jioni moja uvitoe kimoja kimoja kwenye kiwanja kitupu, vile vinavyokufaa uviweke kwenye chumba kidogo, ukihifadhi chumba hicho kwenye maktaba yako. Siku nyingine unakiangusha kiwanjani na kuchota humo, bila kutafuta upya.

Jambo ambalo wajenzi wa picha nzuri hulisahau ni kwamba wakazi wenyewe ni wazalishaji wakubwa wa vikorokoro. Sim anatoa kitabu kwenye kabati, anakisoma, anakiacha kwenye meza ya kwanza anayoiona. Anaacha glasi, anaacha sahani, mtoto anaacha kazi ya shule. Mwenye tabia ya uchafu haoni shida. Mwenye tabia ya usafi atahangaika akisafisha. Mimi hujaza nyumba mpaka kama theluthi mbili ya ninachotaka, kisha nawaacha waishi siku chache za mchezo nikitazama wanavyoacha vitu. Wanakuonyesha meza ipi inatumika na kochi lipi halikaliwi na mtu. Ukirudi kujenga, unaongeza pale pale walipoanza. Kumbe mpambaji wa pili unaye nyumbani bure.

Wala siyo ajabu mchezo huu uwe hivi. Will Wright, aliyebuni mfululizo wa The Sims, aliunguliwa nyumba katika moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka 1991, na kazi ya kununua upya kila kitu cha nyumbani ndiyo iliyomfanya afikirie vitu tunavyovihitaji na sababu zake. Wazo la kwanza lilikuwa programu ya kubuni majengo. Watu waliwekwa ndani ili wayapime. Mchezo wa kwanza ulipotoka Februari 2000 watu hao walikuwa wameteka kila kitu, lakini upimaji ule bado upo mpaka leo. Ukifungua katalogi utaona mapambo mengi yana alama ya mazingira. Alama hizo hujumlishwa chumbani, na zikitosha Sim anapata furaha ya kukaa mahali palipopambwa. Uchafu, kama sahani za jana, unapunguza. Kwa hiyo kabati la bibi lililojaa linamsaidia Sim wako kweli, hata kama yeye hajui kusema kwa nini.

Njia za kupita. Zulia halizuii mtu, tandika uwezavyo. Kitu kingine karibu chochote kilicho sakafuni huzuia, hata kikiwa kidogo kama ndara, na chiti ya kusogeza vitu haiondoi kizuizi hicho. Inakuruhusu tu kukiweka. Jozi tatu za viatu mlangoni zinapendeza kwenye picha, halafu hakuna anayeingia. Visogeze vibanane na ukuta, au vifiche nusu chini ya benchi. Kisha ingia kwenye hali ya kucheza, mwagize Sim aende kila kona, aketi kila kiti, alale kila kitanda, afungue friji. Anapokwama, ondoa kitu cha sakafuni kilicho karibu zaidi, siyo chote.

Kuna njia moja ya kupima sura ambayo naithamini kuliko zote. Ukiwa unacheza, bonyeza Shift na Tab: kamera inaingia machoni mwa Sim na unaiona nyumba kwa kimo chake. Ingia kwa mlango wa mbele, simama, tazama. Vitu vingi ulivyohangaika navyo kutoka juu hutaviona kabisa, na utaona utupu mahali ambapo hukujua, hasa upande wa ukuta uliokuwa umefichwa wakati wa kujenga. Kwa laptopu ya kawaida hili lina faida nyingine. Kila kitu unachoongeza kinaongeza kazi ya mashine, kwa hiyo kile kisichoonekana ukiwa umesimama wala ukiwa umekaa, kifute bila huruma.

Ukipata hela siku moja, usianze na zile pakiti ndogo zenye jina la vikorokoro. Everyday Clutter, ya Novemba 2022, na Bathroom Clutter, ya Januari 2023, zimejaa vitu, ndiyo, lakini ni vya mtu anayeishi ghorofani Marekani au Ulaya. Kwa nyumba ya bibi Tanga utatumia vichache. Ningekuambia Laundry Day, ya Januari 2018. Ina beseni la kufulia na kamba ya kuanikia nguo, na ua wenye nguo zilizoanikwa unabadilisha nyumba nzima kabla hujagusa sebule. Nguo chafu zenyewe zinarundikana ndani mpaka zifuliwe, yaani vikorokoro vyenye kazi. Ya pili ni Snowy Escape, ya Novemba 2020. Imetengenezwa kwa mfano wa Japani, lakini ndiyo iliyoleta kuvua viatu mlangoni na kukaa chini, mambo ambayo sisi hatuhitaji kufundishwa. Bust the Dust, ya Machi 2021, inaleta vumbi na mashine za kulivuta. Mimi naiona kero tupu, ila wapo wanaoipenda.

Vitu vinavyotengenezwa na wachezaji wenyewe na kugawiwa bure vinaweza kukupa hata kitambaa cha kudarizi juu ya kochi. Kwenye kompyuta vinakubali: faili unaziweka kwenye folda ya Mods iliyo ndani ya folda ya The Sims 4 katika Documents, halafu unaruhusu kwenye mipangilio ya mchezo. Chagua vichache. Baadhi vimechongwa kwa undani mno, na kikapu kimoja cha namna hiyo kinaweza kuilemea laptopu yako kuliko kabati zima la vitu vya mchezo wenyewe. Mchezo unapofanyiwa sasisho huvizima, unaviwasha tena kwenye mipangilio. Usidhani nyumba imeibiwa.

Kabla hujaanza kuhamisha chochote, hifadhi mchezo kwa jina jipya. Ctrl na Z inarudisha nyuma hatua, lakini ukishatoka kwenye uwanja wa kujenga hatua hizo zimekwenda.

Na ukimaliza, ukitaka kuipandisha kwenye Gallery, sehemu ya mtandaoni ambako wachezaji hugawana nyumba, ili binamu zako wapakue, andika kwenye maelezo ya nyumba kwamba waweke bb.moveobjects on kabla ya kuishusha kiwanjani. Wasipofanya hivyo, vitu ulivyovipandisha na kuvipenyeza vinaweza kupotea au kuhama, na kabati la bibi likafika kwao tupu. Kama umetumia vitu vya wachezaji, waambie pia wavipakue kando, maana Gallery haivibebi.